Kuta za Benki, Amana ya Kumbukumbu

Jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Kenya, lililopo Moi Avenue jijini Nairobi, lilijengwa mwaka 1906 kwa ajili ya National Bank of India. Benki hiyo ilikuwa imefungua tawi Unguja mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896, kisha ikaifuata reli hadi Nairobi mwaka 1904. Njia yake ilianzia kisiwani ikapanda bara; kwa hiyo msomaji wa pwani ana haki ya kulihesabu jengo hili kuwa sehemu ya historia yake.

Nairobi ya siku hizo ilikuwa mji wa mabati. Katikati ya mabati, nguzo na mawe vilikuwa ni kauli. Mtindo ni wa Ulaya, nayo Ulaya iliuazima kutoka mahekalu ya Wayunani. Mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, kule Karatu, ajengapo ghala hufikiria unyevu na panya. Waliojenga benki hii walifikiria pia macho ya wapita njia. Ukuta ulipaswa kumshawishi mwenye mali kwamba amana yake haitapotea, na kumkumbusha asiye na mali kwamba humo hana lake. Hapo ndipo ulipo uzuri wa jengo hili, na hapo hapo ndipo ilipo dosari yake.

Idara ya nyaraka iliundwa mwaka 1965, na baadaye ndiyo iliyoirithi benki. Pamoja na nyaraka, ukumbi wa chini umehifadhi sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Murumbi aliiuzia Serikali hazina yake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba hiyo itakuwa kituo cha taaluma za Kiafrika. Kituo hakikupatikana, na nyumba ikabomolewa. Vitu vikasalimika ndani ya kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake.

Funzo lake si dogo. Jengo kongwe haliokolewi na sifa pekee. Huokolewa na kazi. Benki iliyokosa fedha ikapewa karatasi na vinyago vya kulinda ingali imesimama. Hata hivyo, kazi peke yake haitoshi pakikosekana matengenezo: Beit al-Ajaib ya Unguja ilikuwa makumbusho, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Limebaki deni moja. Wakazi wengi wa Nairobi hulijua jengo hili kama mahali pa kukutania, penye kivuli na ngazi. Ngazi hizo zilijengwa ili mtu asite kabla ya kuingia. Amana iliyomo sasa ni ya umma, na umma haufai kuishia mlangoni.