Kasapa na Jiji Lake: Ubunifu, Ufuasi na Kiswahili cha Lubumbashi

Swali la iwapo vyuo vikuu vya hadhi ya juu huwavuta vijana wenye vipawa vya ubunifu, au huwafinyanga wote wawe wa namna moja, huulizwa mara nyingi kana kwamba jibu lake limo katika tabia ya mwanafunzi. Makala haya yanadai kuwa jibu limo katika aina ya kazi ambayo chuo huihesabu kuwa elimu. Mfano unaochunguzwa ni Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na maandishi na sanaa zilizozaliwa katika jiji hilo tangu miaka ya 1960.

Chuo hicho kilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji mwaka 1955. Mwaka 1971, baada ya machafuko ya wanafunzi, utawala wa Mobutu uliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa la Zaire, na Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi. Hivyo ndivyo walivyofundisha Kasapa, katika muongo mmoja, V. Y. Mudimbe, Georges Ngal na Pius Ngandu Nkashama. Haiwezekani basi kusema kwamba Kasapa ilikosa vipawa. Linalofaa kuulizwa ni vipawa hivyo vilitakiwa kufanya nini.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka ndani ya chuo chenyewe. Riwaya ya Ngal, Giambatista Viko, iliyochapishwa kwa Kifaransa mjini Lubumbashi mwaka 1975, inamsawiri msomi wa Kiafrika anayetaka kuandika riwaya itakayotumia muundo wa masimulizi ya mapokeo. Viko anaiwania mbinu ya wazee bila kutaka kuishi kati yao. Anachokitamani ni sifa mbele ya wasomi wa ng'ambo. Mwishowe wazee wanamshitaki na kumhukumu. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama mjadala kuhusu fasihi simulizi na riwaya ya Kimagharibi. Hata hivyo, inaweza kusomwa pia kama uhakiki wa taasisi ya elimu: Viko si mjinga wala mvivu, bali ni mtu mwenye kipawa aliyejifunza vizuri mno ni kazi gani inayolipa.

Wakati huohuo, jiji lilikuwa likitunga. Mwaka 1965 André Yav alikamilisha historia ya Elisabethville kwa Kiswahili, iliyotungwa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye hakupitia chuo chochote cha sanaa, alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja na kuieleza kwa Kiswahili. Kundi la maigizo la Mufwankolo nalo liliwachekesha na kuwafundisha wakazi kwa lugha yao wenyewe. Kazi hizi tatu zilifika katika maktaba za dunia hasa kupitia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi katika miaka hiyo: kitabu cha Yav na uchambuzi wa maigizo vilitoka mwaka 1990, na picha za Tshibumba mwaka 1996. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa wachezaji walicheza kwao, wakatunzwa ugenini.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba bila chuo kazi hizo zisingejulikana. Ni kweli, kwani Fabian mwenyewe alikuwa mwalimu huko. Lakini Yav na Tshibumba waliingia chuoni kama vitu vya kuchunguzwa, si kama waandishi wa historia wa kushindana nao kwa hoja. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: ufuasi wa Kasapa haukuwa wa hiari daima. Mwezi Mei 1990 wanafunzi walivamiwa usiku katika mabweni yao na watu wenye silaha, na idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu hapo. Palipo na hofu ya namna hiyo, kunyamaza hakuwezi kuitwa uhaba wa ubunifu. Hata hivyo, hofu ya dola haielezi kwa nini tasnifu iliendelea kudaiwa kwa lugha moja na kwa umbo moja.

Ulinganisho na Dar es Salaam unasaidia. Huko Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, na Euphrase Kezilahabi, aliyehitimu mwaka 1970, akatoa Rosa Mistika mwaka uliofuata na mashairi huru ya Kichomi mwaka 1974. Kazi hizo zilizua ubishi mkali, hasa miongoni mwa washairi wa mapokeo. Vijana wa Dar es Salaam hawakuwa na akili kuzidi wenzao wa Kasapa. Walichokuwa nacho ni chuo ambamo Kiswahili kilikuwa somo lenye heshima na wasomaji waliokuwa tayari kubishana nao katika lugha hiyohiyo.

Idara za Kiswahili, hata hivyo, zisijisifu mapema. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika "batoto" husahihishwa kuwa "watoto", na Kiswahili cha jiji lake hupimwa kwa kipimo cha kile ambacho wenyeji hukiita Kiswahili bora. Usanifishaji una manufaa yake, na hakuna haja ya kuubeza. Lakini ukiwa ndio mlango pekee wa kuingilia, André Yav angeondolewa mlangoni kwa makosa ya upatanisho wa kisarufi kabla hoja yake kuhusu historia haijasikilizwa.

Kasapa haikuwahi kukosa wabunifu; ilikosa kipimo cha kuwatambua wakiwa bado hapo. Chuo kitakachokubali tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kikaihoji kwa ukali uleule unaohoji tasnifu ya Kifaransa, kitakuwa kimeanza kulijibu swali hili kwa vitendo.