Mafuriko ya Vitabu: Jinsi Shule za Vijijini Fiji Zilivyowapa Watoto Hamu ya Kusoma

Mwanafunzi asiyependa kusoma tunamwita mvivu. Tunamwongezea zoezi la ufahamu, tunamtaka aandike muhtasari, tunamsimamisha mbele ya wenzake asome aya kwa sauti huku akisahihishwa kila neno. Akianza kukikwepa kitabu, tunashangaa. Naamini tatizo haliko kwa mtoto. Liko katika namna tulivyomkutanisha na kitabu, na lipo jaribio moja linalolidhihirisha hilo hatua kwa hatua.

Jaribio hilo lilianza Fiji mwaka 1980, likiongozwa na Warwick Elley na Francis Mangubhai. Lilihusu wanafunzi wa darasa la nne na la tano katika shule 12 za vijijini. Nyumbani watoto hao walizungumza Kifiji au Kihindi; shuleni, kuanzia darasa la nne, masomo yaligeuka kuwa ya Kiingereza. Mwalimu wa Tanzania anayepokea wanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua hali hiyo vizuri, na mwenzake wa Kenya pia.

Kabla ya hapo, Kiingereza kilifundishwa kwa mazoezi ya mdomo. Mwalimu alitamka sentensi, darasa likaitikia, wakarudia mpaka ikazoeleka. Vitabu vilikuwa haba, na vilivyokuwepo vilitungwa ili kupitisha msamiati uliopangwa. Mtoto hakuwa na sababu ya kutaka kujua ukurasa unaofuata una nini.

Watafiti waliwagawa wanafunzi. Watoto 234 katika shule nne waliendelea na utaratibu wa kawaida. Shule nane nyingine, zenye watoto 380, zilipelekewa mkusanyiko wa vitabu 250 vya hadithi, vyenye picha na visa vya kuvutia. Ndiyo maana mradi ukajulikana kama mafuriko ya vitabu. Shule hizo nane nazo zikagawanywa katika njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kusoma kwa pamoja, mbinu iliyokuzwa New Zealand na Don Holdaway. Mwalimu huchukua kitabu chenye maandishi makubwa, au huyaandika maneno kwenye karatasi ya manila ili hata aliyekaa nyuma aone. Huonyesha jalada na kuuliza: mnadhani humu mna nini? Kisha husoma kwa sauti akifuatisha maneno kwa kijiti. Siku ya pili na ya tatu hadithi husomwa tena, safari hii watoto wakidakia. Baadaye huiigiza, huichora na kuiandika upya kwa maneno yao.

Tuitazame mbinu hii kwa karibu kupitia hadithi tunayoijua. Abunuwasi ameazima sufuria kwa jirani, amerudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema sufuria imezaa. Jirani amefurahi, amepokea vyote viwili. Abunuwasi anaazima tena, siku zinapita, jirani anaifuata sufuria yake. Hapo mwalimu afunge kitabu. Asiulize “Jirani alikuwa nani?” wala “Taja vyombo viwili vilivyotajwa.” Aulize: “Abunuwasi atamwambia nini?” Mikono itapaa, pamoja na ya yule anayekaa kimya mwaka mzima. Kisha afungue ukurasa, jibu walipate kwenye maandishi: sufuria imekufa. Na kwa kuwa jirani alikubali kwamba sufuria huzaa, atakataaje kwamba hufa? Darasa limefikiri na limetabiri, kisha likaona kwamba maandishi yana jambo linalostahili kutafutwa. Kesho yake sentensi zile zile zitasomwa bila kusukumwa, kwa sababu zimebeba kisa wanachokipenda.

Njia ya pili ilikuwa nyepesi zaidi. Vitabu vilipangwa mahali watoto wanapoviona. Mwalimu aliwasomea kidogo ili kuamsha hamu, kisha kila siku kukawa na dakika 20 hadi 30 za kusoma kimya. Kila mtoto alijichagulia kitabu, na mwalimu naye alisoma cha kwake mbele yao. Hapakuwa na maswali baada ya kusoma.

Baada ya miezi minane, makundi yote mawili ya vitabu yalikuwa yamepiga hatua katika ufahamu wa kusoma na kusikiliza kwa takriban mara mbili ya kasi ya wenzao. Mwaka wa pili faida ilienea hadi kwenye uandishi na sarufi, na ikaonekana hata katika mitihani ya masomo mengine.

Kwa mchambuzi, funzo kubwa ni kwamba njia hizo mbili, zilizotofautiana sana, zilizaa matokeo yanayokaribiana. Basi tutazame kile zilichoshirikiana. Zote zilikuwa na vitabu vingi vya kutosha, kiasi kwamba mtoto aliyechoshwa na kimoja aliweza kukiacha na kuchukua kingine. Zote zilikuwa na muda wa kila siku ulioheshimiwa kwenye ratiba. Na katika zote mbili, hadithi ilitangulia mtihani.

Mbinu hizi zina masharti. Watoto wa Fiji walikuwa wameshazijua herufi. Mtoto ambaye bado hawezi kuunganisha silabi hatanufaika kwa kukodolea macho ukurasa nusu saa nzima. Huyo anahitaji kwanza kufundishwa kwa utaratibu, huku akisomewa hadithi. Kenya ililizingatia hilo katika programu ya Tusome, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa na mwongozo wa mwalimu na kitabu mkononi mwa kila mtoto. Vilevile vitabu lazima viwepo katika lugha anayoielewa msomaji. Ndiyo sababu kazi ya Children's Book Project for Tanzania, iliyoanza mwaka 1991 kusaidia uchapishaji wa vitabu vya watoto vya Kiswahili, ina uzito mkubwa.

Katika shule zetu kikwazo mara nyingi si ukosefu wa vitabu peke yake. Vitabu vya ziada vinakuja, vinagongwa mhuri, vinafungiwa kabatini ofisini visije vikachakaa. Naelewa hofu ya mwalimu mkuu anayejua ataulizwa hesabu. Lakini kitabu kinachobaki kipya miaka mitano hakijamsaidia mtu. Kitolewe, kiwekwe kwenye sanduku la darasa, wanafunzi wawili wapewe daftari la kuazimisha, na uchakavu uhesabiwe kuwa gharama halali ya kufundisha. Vitabu vikipungua, hadithi ambazo watoto wenyewe wamezisikia kwa bibi na babu ziandikwe, zichorwe, zishonwe kwa uzi, ziingie sandukuni.

Wathibiti ubora wa shule wanakagua maandalio ya masomo na daftari za mazoezi. Naomba waongeze swali moja katika kila darasa: leo kila mtoto amesoma kwa dakika ngapi kitabu alichokichagua mwenyewe? Shule ikijua kwamba itaulizwa hilo, kabati litafunguliwa.