Django, Daktari Schultz na mtoro aliyesahauliwa

Kuna mabishano niliyoyakuta Kibera ambayo hayajanitoka akilini. Katika kibanda cha video, vijana wawili, mmoja wa papo hapo Kibera na mwenzake wa Kawangware, walikuwa wakibishania Django Unchained, filamu ya Quentin Tarantino ya mwaka 2012 kuhusu utumwa wa Marekani mnamo 1858.

"Prof, huyo daktari alituangusha," akaniambia wa Kawangware. "Pesa ashalipa, karatasi za Broomhilda ziko tayari. Si angemsalimia tu Candie, waende zao?"

Hoja yake ina mashiko. Dola 12,000 zimetolewa, hati zimetiwa sahihi, ila Calvin Candie anashikilia kwamba bila kupeana mkono hakuna biashara. Schultz anampiga risasi, naye anauawa papo hapo. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hiyo ni hasara tupu.

Hata hivyo, sikubali kwamba mtunzi alikosea. Schultz anaishi kwa kuuza maiti za wahalifu. Amezoea kwamba kila kitu kina bei. Kisha anashuhudia D'Artagnan, mtumwa aliyetoroka, akiraruliwa na mbwa kwa amri ya Candie. Alitaka kumlipia, Django akamzuia ili njama yao isifichuke. Taswira hiyo inamrudia sebuleni, kabla hajaombwa mkono. Kwetu sisi, kupeana mkono baada ya ugomvi ni kusema yamekwisha, tumeridhiana. Schultz alikuwa na fedha za kutoa. Ridhaa hakuwa nayo.

Yule wa Kibera akauliza swali zito zaidi: "Na huyo mke mwenyewe, yeye anataka nini?"

Hapo nilikosa utetezi. Kule Candyland, Broomhilda tunamkuta amefungiwa katika kisanduku cha chuma, juani, kwa sababu alitoroka. Basi ni mwanamke mwenye nia na ujasiri. Lakini akishatolewa tu, filamu inampokonya nia hiyo. Anazimia, analia, anamsubiri mumewe.

Kiswahili kina jina la mtu kama yeye: mtoro. Siku hizi tunamwita hivyo mwanafunzi anayekwepa masomo, ila katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro wa pwani yetu hawakungoja mwokozi aje juu ya farasi. Walijijengea makazi, mathalani Fuladoyo, katika bara ya Kilifi ya leo, wakalima na kujilinda wenyewe.

Tarantino amempa Django bastola na kisasi, na watazamaji wameshangilia. Mkewe alikuwa ameanza kujikomboa kabla mumewe hajafika. Tukiendelea kubishania mkono wa Schultz peke yake, tutakuwa tumemsahau kama mtunzi alivyomsahau.