Takhmisa na Mashine: Wizi wa Maandishi na Mwanafunzi wa Kiingereza Mjini Goma

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, idara za lugha katika vyuo vikuu vyetu zimekabiliwa na swali gumu: je, mwanafunzi anayeandikiwa insha na mashine ni mwizi wa maandishi? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kumzingatia mwanafunzi wa Kiingereza mjini Goma, na kuzihakiki hoja mbili ambazo aghalabu hutolewa kumtetea.

Kwanza hatuna budi kuifahamu hali yake ya lugha. Mwanafunzi huyu huenda alizaliwa katika Kihunde, Kinande, Kinyarwanda au Kishi. Sokoni Virunga hununua chumvi kwa Kiswahili, darasani husomeshwa kwa Kifaransa, kisha hutahiniwa kwa Kiingereza. Kwake Kiingereza ni lugha ya nne, na nje ya darasa fursa za kukizungumza ni chache. Si ajabu basi kwamba mashine inayotoa aya safi kwa nukta moja humvutia.

Hoja ya kwanza husema kwamba mashine si mtu, hivyo hakuna aliyeibiwa. Hoja hii inamtazama mwenye mali peke yake na kumsahau msomaji. Anayetia jina lake juu ya insha anamwambia mwalimu, "Haya ni yangu." Hata kama hakuna aliyeporwa, kuna aliyedanganywa. Aidha, mashine yenyewe ilifunzwa kwa maandishi ya watu chungu nzima ambao majina yao hayaonekani.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mawazo ni yangu, mashine imenipa Kiingereza tu. Katika idara ya uchumi au ya historia, utetezi huu waweza kukubaliwa kwa masharti. Katika idara ya Kiingereza haukubaliki, kwa kuwa Kiingereza hicho ndicho kinachopimwa. Anayejifunza kuogelea katika Ziwa Kivu hawezi kumtuma mwenzake majini kisha akadai kwamba yeye amevuka.

Hata hivyo, lawama isimwangukie mwanafunzi peke yake. Mwalimu anayetoa vitini visivyotaja vyanzo, kisha akamtuza anayevikariri neno kwa neno, amekwisha kufundisha kwamba maneno hayana mwenyewe. Vilevile, mwalimu asikimbilie programu za kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa kazi ya mashine, kwa sababu ya msamiati wao finyu. Julai mwaka huohuo kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake ya aina hiyo kwa kukosa usahihi. Kwa hiyo mwanafunzi mnyofu wa Goma, mwenye sentensi fupi na maneno machache, ndiye aliye hatarini zaidi kuadhibiwa bure.

Fasihi ya Kiswahili ina utanzu unaoweza kutuongoza. Katika takhmisa, mshairi huchukua mistari miwili ya mwenzake na kuitangulizia mitatu yake, ikawa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Nasir alivyoufanyia utungo wa Liyongo. Hapana aliyemwita mwizi, kwani utanzu wenyewe humtangazia msomaji kwamba sehemu ya maneno ni ya mwingine, na sifa ya mtunzi hupimwa kwa ile mistari mitatu.

Kwa msingi huo tunapendekeza kwamba mwanafunzi aliyetumia mashine aambatishe maswali aliyoiuliza na majibu aliyopewa, ili mistari yake ionekane kando ya ile ya kuazima. Pili, utetezi wa mdomo mbele ya walimu, ambao tayari hufanywa kwa kazi za mwisho wa masomo, uingizwe pia katika insha za kawaida, hata kwa dakika tano. Mwanafunzi aulizwe kwa nini alichagua neno hili na kuliacha lile. Akiweza kujibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, hata kikiwa na makosa, mwalimu atakuwa amepata cha kumpima na cha kumfundisha.