Kikonyo

Mpwa wangu aliponaswa mkono na mashine ya kukamulia miwa, ngozi ya mgongo wa kiganja ikabanduka hata kano zikaonekana nyeupe mithili ya nyuzi za mkonge, tabibu mmoja mzee aliichanja ngozi ya kinena, akaiinua bila ya kuitenga na mwili, akaushonea mkono papo hapo. Na kijana akakaa wiki tatu kama mtu aliyetia mkono mfukoni akasahau kuutoa.

Watu husifu kisu. Mimi niliyekesha wodini naisifu subira iliyofuata, maana ngozi iliyoinuliwa hunyonya uhai wake kwa kikonyo kimoja, kama embe lililo mtini, na kikonyo kikipindika, au bendeji ikikaza, au damu ikivilia chini yake, basi huoza. Mzee yule alikuja alfajiri na usiku wa manane, akaibonyeza ngozi kwa ncha ya kidole hata ipauke, kisha akaiachilia akihesabu kimoyomoyo: ikirejewa na rangi kwa kadiri ya sekunde mbili, huridhika, ikibaki nyeupe, damu haifiki, ikirejewa kwa pupa nayo ina rangi ya zambarau, damu imeingia ila haina pa kutokea. Usiku mmoja aliikuta ya zambarau. Hakupiga kelele, alikata nyuzi mbili, akatia mto chini ya kiwiko kikonyo kinyooke, akavuta kiti, akakaa akiitazama mpaka ikatakata. (Ulaya wenziwe hupandika ruba wanyonye damu iliyotuama, nasi tulidhani ruba ni mambo ya wazee wetu tu.)

“Mjomba, nipatie japo sigara moja,” kijana alininong’oneza. Mzee akasikia. “Mwanangu, moshi huo hubana mishipa. Ukivuta wewe, hufa ngozi yangu.”

Ustadi wenyewe ni wa kale. Wahindi wa zama zilizopita waliunda pua kwa ngozi ya uso. Tagliacozzi wa Bologna, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1597, aliwafunga wagonjwa mkono usoni kwa majuma. Na Harold Gillies, akiwatibu askari wa vita vya kwanza walioharibika nyuso, alikikunja kikonyo mwaka 1917 kikawa mfano wa mrija. Jamaa yake, McIndoe, alikuwa mmoja wa watatu walioasisi madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki mwaka 1957, basi elimu hii si ngeni kwetu.

Ilipotimu wiki ya tatu mzee hakuharakia kukata. Alikifunga kikonyo kwa mpira, dakika chache siku ya kwanza, kesho yake zaidi, hata ngozi ikazoea kunywa kutoka mkononi.

Siku hizi mishipa myembamba kama uzi huungwa chini ya hadubini kwa saa chache, na anayeibeza hikima hiyo ni mjinga. Lakini juzi, katika hospitali nyingine, nimeona bendeji iliyokaza ikiachwa tangu magharibi hata asubuhi, na mwenye zamu ameandika “hali nzuri” pasi na kuifunua.

Mzee amekwisha fariki. Mpwa wangu sasa ana kitambi, na kila anaponenepa, mgongo wa kiganja chake, ambao asili yake ni kinenani, hunenepa naye. Watoto wake huubonyeza wakicheka, wasijue ni kidole cha nani kilichoubonyeza kwanza.