Chura wa Kihansi hayumo darasani

Mwulize mwanafunzi wa Igowole mazingira yanatunzwaje, atakujibu: kwa kupanda miti. Anapata alama zake zote. Miti yenyewe ni misindano na milingoti, ya mbao na nguzo. Sina ugomvi na mbao, zimesomesha wengi Mufindi. Ninachokataa ni somo kuishia hapo.

Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu. Huzaa, hatagi mayai. Aliishi kwenye rasharasha za maporomoko yale tu, hakuna kwingine duniani. Maji yakageuzwa kuzalisha umeme, megawati 180, na rasharasha zikapungua mno. Vyura 499 wakapelekwa Marekani, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa vililelewa New York na Toledo, jimbo la Ohio, ambako watoto wa huko waliweza kumtazama kupitia kioo. Alianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Kwetu amebaki utani wa siasa: fedha zote hizo kwa chura! (Utani wenyewe una haki yake, umeme tunauhitaji.) Lakini taa anayosomea mtoto na ukungu uliomlea chura viligombea maji yaleyale. Nani apewe kiasi gani? Swali hilo mche wa msindano haulijibu, na ndilo ningependa kulikuta kwenye mtihani.