Waraka wa Ngara wa Desemba 1996: Hoja au Amri?

Mwandishi wa waraka wa msimamo hutuomba tuikubali rai yake kwa nguvu ya hoja na ithibati, wala si kwa cheo chake. Kwa kipimo hicho twapenda kuuchungua waraka mmoja mfupi uliowahusu watu wengi mno katika wilaya ya Ngara, nao ni tangazo la Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lililotolewa mwanzoni mwa Desemba 1996 kwa wakimbizi wa Rwanda.

Mfuatano wake ni mwepesi: Serikali ya Rwanda imetoa ahadi, kwa hiyo wakimbizi waweza kurejea kwa usalama, kwa hiyo wote wanatarajiwa kuwa wamerejea ifikapo tarehe 31 Desemba. Kosa limo katika “kwa hiyo” ya kwanza. Ahadi ni dalili ya nia ya mtoaji, si ushahidi wa hali ya vijijini. Tena aliyepewa ahadi ni serikali, ilhali aliyetakiwa kulivuka daraja la Rusumo ni mkulima, na ng'ambo ya daraja hilo magereza yalikuwa na mahabusu zaidi ya 80,000, na kesi za mauaji ya kimbari zilikuwa hazijaanza kusikilizwa. Nikifika kwetu, nani atanishtaki, na nani atanisikiliza? Ahadi ya jumla haimjibu mtu huyo.

Tusiwaonee waandishi. Makambini walikuwamo viongozi walioshiriki mauaji ya 1994, nao walieneza maneno ya kutisha ili watu wasirudi. Lakini ashindanaye na uvumi ahitaji ithibati nyingi zaidi, si chache. Mwezi Novemba mamia ya maelfu walikuwa wamerejea kutoka Zaire: wangapi walifika kwao, wangapi walikamatwa, na kwa shauri gani? Hapo ndipo palipokuwa pa kuanzia.

Tulitazame na neno “wanatarajiwa”. Ni kitenzi kisichomtaja mtenda, nani anatarajia? Kikifungwa kwa tarehe, tarajio hugeuka amri. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, katika kifungu cha 5, wakataza mkimbizi kurejeshwa pasipo hiari yake. Awashawishiye watu wenye haki hiyo hana budi kuikabili waziwazi. Kitenzi hiki kinaizunguka tu.

Jibu lilitolewa kwa miguu. Tarehe 12 Desemba maelfu kwa maelfu waliyaacha makambi, wasiende Rusumo, bali mashariki, upande iliko Biharamulo. Askari wakawarudisha, na hata mwisho wa mwezi zaidi ya 450,000 walikuwa wamevuka mpaka. Wako wanaoihesabu idadi hiyo kuwa ndiyo kufaulu kwa tangazo. Sisi twaona waliofaulu ni askari. Maneno yalikuwa yamekwisha kushindwa siku ile ya kwanza barabarani.